Magoti ya Ercilia

Wiki haikuwa imekwisha tangu daktari atamke neno saratani, na tayari mtaa wa Villa Candelaria ulikuwa umeweka nadhiri tano kwa ajili ya Ercilia, zote za kulipwa na Ercilia, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Habari hizo alizipata Jumatano asubuhi saluni kwake, mikono yake ikiwa imezama kwenye povu la kichwa cha Bi Tomasina.

"Gauni la kahawia," alisema Bi Tomasina, macho kayafumba kwa raha ya maji ya uvuguvugu. Yeye ndiye kiongozi wa kikundi cha rozari, na hata kuoshwa nywele alioshwa kama mtu anayeongoza kikao. "Mwaka mzima. La kitambaa kigumu, na kamba kiunoni. Nimemwambia Bikira, huyu akitoka salama kwenye vipimo, atalivaa mpaka sokoni."

"Atalivaa nani?"

"Wewe. Kwani mimi naumwa?"

Ercilia akafunga bomba. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mnene wa kiasi, nywele zimenyooshwa mpaka zinang'aa, na tangu aigeuze sebule yake kuwa saluni hakuna aliyewahi kumwona nje bila rangi ya midomo. Rangi ya kahawia ilimfanya aonekane mgonjwa hata alipokuwa mzima.

"NA MAGOTI!" sauti ilitoka chini ya draya. Huyo alikuwa Deyanira, jirani wa ukuta kwa ukuta, shoga yake wa miaka thelathini na mama wa ubatizo wa mwanawe. Mtu akiwa chini ya draya hajisikii, kwa hiyo Deyanira alipiga kelele kama anayeita gari.

"Magoti gani?"

"NIMEKUWEKEA NADHIRI YA MAGOTI! HIGÜEY!"

Ercilia akamnyanyulia draya kichwani. "Hebu sema taratibu. Mtaa wa pili wanasikia."

"Nimesema," alirudia Deyanira kwa sauti ya chini, rola zimemjaa kichwani, "utaenda kwa Tatica, Bikira wetu wa Higüey, umfikie kwa magoti. Na ulipe kabla ya kipimo. Ukilipa mapema unasikilizwa mapema."

"Kwa magoti ya nani?"

"Ya kwako, shoga. Ya kwangu si yamejaa maji, unajua."

Ndivyo zilivyo nadhiri za kwetu. Anayeiweka hulala usingizi mnono siku hiyo hiyo. Anayewekewa ndiye hubaki na deni kwa mbinguni, na deni la mbinguni halikatiwi rufaa. Kabla Bi Tomasina hajakaushwa, Ercilia alikuwa ameshafahamu kwamba mwenye duka la kona amemwachisha kahawa, na mke wa mwenye duka ameahidi nywele zake zikatwe zitundikwe kwenye altare. Ya tano ilitoka kwa Dada Noemí, Mpentekoste wa nyumba ya bluu, ambaye alikuja kukatwa ncha tu kwa sababu kanisa lao halitaki zaidi ya hapo.

"Sisi hatuwekei sanamu nadhiri," alisema Noemí, akimtazama Bi Tomasina kupitia kwenye kioo. "Sisi tumefunga siku tatu. Tumemwambia Bwana, akimponya dada yetu, ataokoka, atakuja mbele kushuhudia. Kwa maikrofoni."

"Na bachata je?" aliuliza Ercilia. "Hakuna aliyenikataza kucheza bachata?"

"Hiyo imo humo humo kwenye kuokoka."

Mlangoni, pale kwenye meza ya domino, Anselmo aligonga kete. Huyo ndiye mume, dereva mstaafu wa treni ya miwa, mtu ambaye kanisani huingia kwa mazishi tu na hata hapo husimama karibu na mlango. "Na mimi nimeweka yangu," alisema bila kugeuka. "Nimeahidi kwamba mke wangu akipona, nitaendelea kutoamini."

"Mungu akusamehe, Anselmo!"

"Akipata nafasi."

Wanaume wa domino wakacheka. Ercilia naye alicheka, na kwa sababu alikuwa na watu wa kumsikiliza, akaenda mbele kuliko ilivyotakiwa. Akaweka mkono kiunoni, kitana kikiwa juu.

"Nisikilizeni, wanawake wa rozari na wanawake wa maikrofoni. Jumanne naenda mji mkuu kupimwa mifupa. Mifupa ikiwa safi, Jumatatu inayofuata daktari ananikata huu uvimbe na titi lake, basi. Ikiwa si safi, hakati kitu, tunaanza safari nyingine. Hiyo ni kazi ya mashine. Bikira hajui kuendesha mashine. Siku mkiniona nimepiga goti mahali popote, mjue nimeangusha hereni."

Walimwombea msamaha papo hapo, kila mmoja kwa utaratibu wa kanisa lake.

Walipoondoka wote, alifagia nywele zilizoanguka, akakaa kwenye kiti cha wateja, akauingiza mkono ndani ya blauzi mpaka ulipo ule uvimbe. Haukuwa mkubwa. Aliogopa. Hakuogopa kukatwa, titi lilikuwa limeshafanya kazi yake. Aliogopa ile sentensi ya pili, ile ya "ikiwa si safi", ambayo daktari aliisema haraka huku akiangalia kompyuta.

*

Jumamosi aliaga kwamba anakwenda kununua rangi za nywele. Alipanda basi la Higüey akiwa amevaa kofia pana na miwani myeusi, na rangi ya midomo hakupaka, kwa hiyo kwa hesabu yake hakuna mtu duniani angeweza kumtambua.

Shida aliiona alipofika. Hakujua aanzie wapi. Deyanira alisema amfikie Bikira kwa magoti, lakini kwa magoti kutoka wapi? Kumuuliza ilikuwa haiwezekani. Baada ya yale maneno ya hereni, afadhali angemeza kitana. Akatazama ule uwanja mpana wa mawe ulio mbele ya kanisa. Akawaza kwamba nadhiri ikilipwa pungufu inaweza kuhesabiwa haikulipwa, na hapo atakuwa amejiumiza bure. Basi akaona asicheze na mifupa yake. Akaanzia langoni kabisa, kwenye barabara, pale wanapouza mishumaa.

"Mama, watu huanzia kule ndani," muuza mishumaa alimwambia.

"Mimi nina mengi," Ercilia alijibu, akapiga goti.

Ilikuwa kama mita mia tatu. Mita hamsini za kwanza alijiona mtakatifu. Za pili alimtukana Deyanira, kwanza yeye mwenyewe, kisha mama yake. Jua lilipanda, mawe yakapata moto, soksi ndefu alizovaa zikatoboka. Watalii wawili walimpiga picha. Bibi mmoja aliyekuwa akitembea na fimbo alimpita, akamwambia, "Kaza, mwanangu," na alipokuwa akirudi baada ya misa alimkuta hajafika hata mlangoni, akamwambia tena.

Mbele ya ile picha ndogo ya Bikira alikuwa ameandaa maneno mazuri. Yote yalimtoka. "Mama," alisema, "mimi sina mazoea na wewe, hilo unalijua. Sikuja kwa ajili ya gauni wala nywele, hayo ni ya wale. Nimekuja kwa ajili ya mifupa. Naomba iwe safi. Na naomba hili libaki kati yetu wawili, maana hawataniacha nipumue." Kisha akalia sana, kwa namna ambayo nyumbani asingethubutu, na mtawa mmoja akampa karatasi ya kufutia pua.

Alirudi na chupa mbili za rangi ya nywele na magoti mawili yaliyovimba kama mikate. Tangu siku hiyo alivaa suruali. Deyanira alipomwona akishuka ngazi ya baraza kwa upande, kama kaa, alimuuliza kulikoni.

"Baridi yabisi."

"Kwa joto hili?"

"Baridi yabisi haina kalenda, Deyanira."

*

Jumanne walikwenda kumi na wawili. Daktari aliandika kwamba mgonjwa anaweza kuja na msindikizaji. Hakuandika idadi, na kwetu kisichoandikwa kimeruhusiwa. Basi dogo lilikuwa la kanisa la kina Noemí, mafuta yalitoka kwa kikundi cha rozari, kwa hiyo njia nzima iligawanywa kwa haki: mpaka San Pedro waliimba mapambio, kutoka San Pedro mpaka mji mkuu wakasali rozari. Anselmo alikaa mbele na dereva, wakazungumza habari za injini.

Mtaalamu wa mashine, mwanaume mwenye ndevu na uvumilivu mwingi, alimchoma Ercilia sindano ya dawa yenye mionzi, akamweleza angoje muda wa saa tatu dawa iingie kwenye mifupa. "Na unywe maji mengi, mama. Glasi sita au zaidi."

Hakujua alichokianzisha. Bi Tomasina alitoa galoni la maji yaliyobarikiwa kanisani Higüey. Noemí akatoa galoni la maji yaliyoombewa mkesha mzima. Kila mmoja akamimina glasi, na kila mmoja akahesabu za mwenzake.

"Ya kwako kanywa tatu, ya kwangu mbili."

"Ya kwangu ina nguvu, haihitaji nyingi."

"Ongeza moja, Ercilia, tuwe sawa."

"Mtanizamisha!" alisema Ercilia. Alikwenda msalani mara saba, na kila mara alipochuchumaa magoti yalimtoa machozi, akang'ata mkoba asilie kwa sauti.

Mtaalamu alirudi na onyo. "Na kitu kingine. Kwa leo asikae karibu na watoto wadogo wala wajawazito. Kuna mjamzito hapa?"

Wanawake wakatazamana, wakacheka. Mdogo wao alikuwa na miaka arobaini. Lakini Dada Noemí, mwenye miaka arobaini na mitatu na wajukuu wawili, akainuka polepole, akachukua galoni lake, akahamia benchi la mwisho karibu na dirisha.

Wote wakamgeukia.

"Nafuata upepo tu," alisema Noemí.

"Upepo wa mwezi wa ngapi?" Bi Tomasina aliuliza.

"Wa nne," alijibu Noemí, akafunika uso kwa Biblia. Hapo ugomvi wa maji ukafa. Walimzunguka wote, Wakatoliki na Wapentekoste, wakimshika tumbo, na kwa robo saa nzima hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu anaumwa. Ercilia aliiona hiyo robo saa kuwa nzuri kuliko zote tangu habari zile zimfikie, akiwa peke yake upande wake wa chumba, akiwatazama kwa mbali.

Kisha mtaalamu akaja na fomu na kalamu. Alisoma maswali kwa sauti, na wanawake, waliposikia maswali, wakarudi kusikiliza.

"Umewahi kuvunjika mfupa?"

"Hapana."

"Umeanguka karibuni, umeumia, umegonga goti, kiuno, bega?"

Ercilia akawaona: Deyanira kainamisha shingo, Bi Tomasina kaacha rozari, hata Noemí katoa sikio nyuma ya Biblia. Anselmo alikuwa mlangoni, kama kawaida yake.

"Hapana," alisema.

"Hata kidogo?"

"Kijana, mimi ni mtu wa saluni. Nitagonga goti wapi?"

Akaandika hapana. Akamwomba avue chuma chote. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba wakati wa kumvalisha nyumbani wanawake walikuwa wamemjaza watakatifu: medali tisa zilizobanwa kwa pini kwenye sidiria, msalaba mmoja mgongoni, na kwenye kiatu karatasi ya Zaburi iliyofungwa kwa waya. Mtaalamu aliviweka kimoja kimoja kwenye bakuli la bati, vikilia.

"Mama, na hii ya nani?"

"Hiyo Mtakatifu Agatha, wa matiti," Bi Tomasina alipaza sauti kutoka nje. "Hiyo iache."

"Haiwezekani, mama."

"Basi ishike mkononi wewe."

Na yule mwanaume, mwenye ndevu zake na shahada zake, akaishika mpaka mashine ilipomaliza.

*

Ijumaa, kwenye majibu, waliingia wote ofisini kwa Daktari Peguero. Muuguzi alijaribu kuwazuia, akaambiwa hawa ni dada zake. Dada kumi wa rangi zote na umri wote wakajipanga ukutani. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mkali kidogo, nywele kazifunga ovyo kwa bendi ya mpira, na tangu siku ya kwanza Ercilia alikuwa akijizuia asizishike.

Daktari aliiwasha picha. Pale kwenye kioo alisimama Ercilia wa mifupa mitupu, mweusi kwa mweupe, mwembamba kuliko alivyowahi kuwa tangu azae.

"Uti wa mgongo safi," alisema daktari, akipitisha kalamu. "Mbavu safi. Nyonga safi. Fuvu safi."

"Atukuzwe!" walisema wa upande wa kushoto.

"Ave Maria!" wakasema wa upande wa kulia.

"Ngojeni," alisema daktari. Kalamu ikashuka mpaka chini, ikasimama. Kwenye kila goti palikuwa na doa jeusi, zito, la ukubwa wa limau. "Hapa sipaelewi. Ugonjwa huu kwa kawaida hauanzii magotini. Lakini siwezi kusema kwamba hauwezi kufika. Kama ungekuwa umeanguka ningejua ni hilo. Fomu inasema hujaanguka, hujagonga, hujaumia."

Ercilia aliuweka mkoba wake juu ya magoti.

"Ni kweli hujaumia?"

Nyuma yake alisikia pumzi kumi.

"Kama ni kweli," daktari aliendelea, "basi sitafanya upasuaji Jumatatu. Itabidi nikuagizie kipimo kikubwa cha magoti, na foleni yake ni wiki tano, na pengine tukate kinyama cha mfupa tukipeleke maabara. Siwezi kukata titi huku sijui magotini kuna nini."

Deyanira alianza kulia. Bi Tomasina alishika mkufu wa rozari akasahau kuusali. Noemí, kutoka kona ya mbali alikojiweka kwa tahadhari ya mimba yake, alisema, "Bwana, Bwana," kwa sauti ndogo isiyofaa maikrofoni.

Wiki tano. Ercilia aliyatazama yale malimau mawili meusi. Aliyajua ni nini. Alilijua kila jiwe lililoyaleta. Angeweza kumwomba daktari wabaki wawili, akamnong'oneza. Lakini hao kumi wasingetoka bila kuambiwa kwa nini, na hata wangetoka, sikio la Deyanira lilikuwa halijawahi kushindwa na mlango. Akawaza yale maneno yake pale saluni, kitana juu, na wanaume wa domino wakicheka. Akawaza pia habari ya kufa, na akaona kwamba kufa kwa ajili ya kuogopa kuchekwa ni upumbavu ambao hata Bikira asingeusamehe.

"Daktari," alisema, "niliumia."

"Uliangukia wapi?"

"Sikuanguka. Nilitembea. Kwa magoti. Higüey. Jumamosi."



"Kutoka wapi mpaka wapi?" aliuliza daktari.

"Kutoka langoni. Kule barabarani. Mpaka altareni."

"LANGONI?" Safari hii Deyanira hakuwa chini ya draya, lakini sauti ilikuwa ile ile. "Ercilia! Nani alikwambia langoni? Mimi niliahidi kutoka benchi la mbele! Hatua kumi! Nilijua wewe ni mvivu, nikamwomba Bikira akuhurumie, nikasema hatua kumi tu!"

Ercilia aligeuka polepole. "Hatua kumi?"

"Kumi! Na hata tano zingetosha!"

"Deyanira. Nimepita juani mita mia tatu. Nimepigwa picha na watalii. Bibi wa fimbo amenipita mara mbili. Na ilikuwa hatua kumi?"

"Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza vipi, na mimi nilishasema..."

"Ulisema hereni," alisema Bi Tomasina.

Ndipo wakaangua. Alianza Noemí, kule kona, akishikilia tumbo lake. Akafuata Bi Tomasina, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka mpaka meno ya nyuma. Na mwishoni Deyanira, akicheka na kulia kwa pamoja, akaja kumkumbatia Ercilia shingoni mpaka karibu amwangushe na kiti. Hata muuguzi aliyekuja kuuliza kelele za nini alibaki mlangoni ameziba mdomo.

Daktari peke yake hakucheka. "Pandisha suruali," alisema.

Ercilia akapandisha. Kicheko kikakatika kama redio iliyokatiwa umeme. Magoti yalikuwa ya zambarau na njano, yamechubuka mpaka ndani, na kwenye la kushoto kidonda kilikuwa bado kibichi. Deyanira alipiga magoti yake yaliyojaa maji pale sakafuni, akayatazama kwa karibu, bila kuyagusa.

"Shoga," alisema. "Hukusema hata kuuma."

"Nilisema baridi yabisi."

Daktari alibonyeza pembeni ya kidonda, akamwuliza inauma hapa, na hapa, akaandika. Kisha akamteremsha chini kwa picha ya kawaida ya magoti, sasa hivi, akasema kwamba hatategemea maneno wala michubuko bila picha. Walingoja saa moja na dakika kumi. Katika saa hiyo hakuna aliyeimba, hakuna aliyemimina maji. Walikaa kwenye benchi wakishikana mikono kwa mpangilio ulioharibika, Mkatoliki, Mpentekoste, Mkatoliki, na Ercilia alikaa katikati, akiangalia mlango.

Daktari alitokea mwenyewe na picha mkononi.

"Mfupa hauna kasoro ya ugonjwa," alisema. "Umegongwa tu, umegongwa sana, kwa hasira. Jumatatu saa moja asubuhi, tumbo tupu. Nitakata titi, nitatazama na tezi za kwapani, na baada ya hapo tutajua dawa gani. Siahidi zaidi ya hayo, mama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na mpaka Jumatatu usitembee kwa magoti kwenda popote."

"Hata bafuni sipigi goti," alisema Ercilia, kisha uso ukamvunjika, akalia mbele yao wote, bila kofia na bila miwani. Walimwacha alie. Bi Tomasina alitoa kitambaa, Noemí akasahau mimba akaja kumsugua mgongo, na Deyanira, akitaka kufaa kitu, alianza, "Bikira, Jumatatu ikienda vizuri, Ercilia ata..."

"Deyanira!" walimkatisha wote.

"Mimi," alijisahihisha. "Ikienda vizuri, mimi nitavaa hilo gauni la kahawia."

*

Wenzao walitangulia kwenye basi. Ercilia alibaki juu ya ngazi za hospitali, akizihesabu, na Anselmo akabaki naye. Wakati wote ule ofisini alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyemsikia akicheka wala akisema.

"Kumi na nne," alisema Ercilia.

"Nimeziona." Alizungusha kofia yake mikononi. "Ungeniambia."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," alisema Anselmo. "Lakini mwavuli ningekushikia."

Ercilia alimtazama yule mzee wake asiyeamini kitu, akamwona akiwa amesimama juani kwenye ule uwanja wa mawe, mkono juu, akitembea hatua fupi fupi kando yake mita zote mia tatu huku akimkosoa. Akampa mkono. Wakashuka ngazi moja moja, kwa upande, yeye akilaani kila moja na Anselmo akingoja, na kwenye basi walikuwa wameshaanza kuimba.